Kombe la FA 2016/17: Mlango Uliobaki Wazi

Msimu wa 2016/17 wa soka la Tanzania Bara unakumbukwa zaidi kwa ligi yake. Yanga na Simba zilimaliza zote zikiwa na pointi 68, Yanga ikachukua ubingwa kwa tofauti ya mabao, na ubishi wa pointi za mezani ukabaki vijiweni muda mrefu baada ya msimu kufungwa. Mimi naamini kilichoamua sura ya mpira wetu kwa miaka iliyofuata hakikuwa ligi ile. Kilikuwa Kombe la FA, lililoitwa rasmi Azam Sports Federation Cup, mashindano ya mtoano yaliyokuwa na msimu wa pili tu tangu TFF iyafufue baada ya miaka mingi ya kimya. Mechi chache za kombe hilo, kati ya Machi na mwisho wa Mei 2017, ziliinua klabu moja hadi robo fainali ya Afrika, zikaiacha nyingine nje ya Afrika, na zikaiweka klabu changa ya Mwanza mahali ambapo haikuwa imewahi kufika wala haikufika tena.

Ili kuelewa uzito wa kombe lile lazima tuanze na hesabu ya tiketi. Wakati huo Tanzania ilikuwa na nafasi mbili tu katika mashindano ya klabu ya CAF. Bingwa wa ligi alikwenda Ligi ya Mabingwa, na bingwa wa Kombe la FA alikwenda Kombe la Shirikisho Afrika. Kabla kombe halijafufuliwa, nafasi hiyo ya pili ilikuwa ya mshindi wa pili wa ligi. Baada ya hapo, kumaliza wa pili kukawa hakuna thamani nje ya mipaka. Unaweza kucheza mechi 30, ukapoteza chache, ukalingana pointi na bingwa, kisha ukakaa nyumbani mwaka mzima ukitazama wenzako kwenye televisheni.

Simba ilikuwa inaishi na hofu hiyo. Mara yake ya mwisho kucheza Afrika ilikuwa 2013, ilipotolewa na Libolo ya Angola baada ya kufungwa nje na ndani. Tangu hapo ilimaliza ligi ikiwa ya tatu, ya nne, ya tatu, ya tatu. Kwa klabu iliyofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, huo ulikuwa ukame wa kuumiza. Mashabiki wa Yanga walipata neno la kuwakera watani wao kila Februari, mashindano ya Afrika yalipoanza. Katika msimu wa kwanza wa kombe, 2015/16, Yanga ilichukua kila kitu: ligi, kisha fainali kwa kuifunga Azam 3-1, Amissi Tambwe akipachika mawili na Deus Kaseke moja. Kwa kuwa Yanga tayari ilikuwa na tiketi yake, nafasi ya kombe ikaenda kwa Azam iliyofungwa fainali. Naomba msomaji aikumbuke kanuni hii, kwani bila hiyo nusu ya habari ya msimu uliofuata haieleweki.

Msimu wa 2016/17 Simba ilianza kwa kishindo chini ya Joseph Omog kutoka Kamerun. Ilikuwa imemchukua Shiza Kichuya kutoka Mtibwa Sugar, winga mdogo wa umbo ambaye Oktoba 1, 2016 aliisawazishia dhidi ya Yanga kwa kona iliyoingia moja kwa moja wavuni. Februari 2017 ikaifunga Yanga 2-1 ikiwa na wachezaji kumi uwanjani, Kichuya akifunga tena. Iliongoza ligi kwa muda mrefu. Kisha likaja lala salama, na mambo yakaanza kumponyoka mwenye nayo. Mwanzoni mwa Aprili Simba ilifungwa 2-1 na Kagera Sugar mjini Bukoba. Ikalalamika kwamba beki wa Kagera, Mohamed Fakhi, alicheza akiwa na kadi tatu za njano. Kamati ya Saa 72 ikaipa pointi tatu, na kamati nyingine ya TFF ikazirudisha kwa Kagera. Simba ikatangaza kupeleka malalamiko FIFA. Pointi hizo tatu ndizo zingeipa ubingwa.

Sitaki kufufua kesi hiyo. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba ilikuwa na mtu wa tatu ambaye hakuna aliyemtaja wakati ule. Kama Simba ingekuwa bingwa wa ligi na kufika fainali ya kombe, basi kwa utaratibu uleule wa 2016 aliyekutana nayo fainali angekwenda Afrika hata akifungwa. Ubishi wa kamati ulikuwa unaamua pia hatima ya timu ya Mwanza.

Kombe lenyewe lilitembea kwa mwendo wa kuchechemea, na hilo lilikuwa kosa lake kubwa. Robo fainali ya kwanza ilichezwa katikati ya Machi, ya mwisho Aprili 22. Zaidi ya mwezi mzima kwa hatua moja! Sababu ilikuwa viporo vya Yanga. Wanajangwani walikuwa Ligi ya Mabingwa, wakaitoa Ngaya ya Komoro, wakatolewa na Zanaco ya Zambia kwa bao la ugenini, wakaangukia Kombe la Shirikisho Afrika na kukutana na MC Alger ya Aljeria. Walishinda 1-0 Dar es Salaam, wakafungwa 4-0 Algiers. Waliporudi wakiwa wamechoka na wameumia rohoni ndipo walipocheza robo fainali yao na Prisons, wakashinda 3-0. Wapinzani wao wa nusu fainali walikuwa wanawasubiri tangu Machi. Katika mtoano, kumpa mmoja wiki tano za kujiandaa ni kuharibu mashindano. Safari hii pengo lilimfaidi mdogo, lakini kanuni mbaya haigeuki nzuri kwa sababu imemfaidi tunayempenda.

Hatua za kabla ya nusu fainali zilikuwa na raha yake. Yanga iliifunga Kiluvya United mabao 6-1, Obrey Chirwa akifunga manne. Mtu anaweza kusema mechi ya namna hiyo haina maana, lakini wachezaji wa Kiluvya walicheza na mabingwa wa nchi kamera zikiwepo, na bao lao moja litabaki kwenye kumbukumbu za watu wao. Simba ilisafiri hadi Arusha kucheza na Madini FC, timu iliyokuwa madaraja kadhaa chini yake, ikapita kwa bao 1-0 tu. Mwenye kuijua ligi yetu anafahamu kwamba timu kubwa ikikutana na ndogo mkoani, kwenye uwanja usio tambarare na jua la saa kumi, tofauti ya mishahara hupungua sana. Madini walikaribia kuandika historia. Wangeiandika, Simba ya miaka iliyofuata isingekuwa ile tuliyoiona.

Mbao FC, ndiyo timu hiyo ya Mwanza, wanastahili maelezo marefu zaidi, kwa sababu kuwepo kwao Ligi Kuu kulitokana na aibu ya wengine. Msimu wa 2015/16, katika kundi lao la Ligi Daraja la Kwanza, Geita Gold na Polisi Tabora zilikuwa zinafukuzana kupanda. Siku ya mwisho Geita Gold iliifunga JKT Kanembwa 8-0 na Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro 7-0. Nchi nzima ilicheka na kukasirika kwa wakati mmoja. TFF ikachunguza, ikaamua kwamba kulikuwa na upangaji matokeo, na timu zote nne zikashushwa. Nafasi ya kupanda ikawaangukia Mbao, waliokuwa wamemaliza nyuma ya Geita Gold na Polisi Tabora. Hivyo wakaingia Ligi Kuu bila maandalizi ya bingwa, bila mfadhili wa maana, na kikosi cha vijana ambao wengi wao majina yao hayakujulikana nje ya Kanda ya Ziwa.

Walichokuwa nacho ni kocha. Etienne Ndayiragije, Mrundi, aliwajenga wakawa timu ya kujilinda kwa pamoja na kushambulia haraka, timu ambayo haikuona haya kuuachia mpira upande wa pili. Kwenye ligi yenye mechi 30 mtindo huo haukutosha kuwaweka juu. Waliteseka na kupigania kutoshuka hadi siku ya mwisho. Kwenye mtoano ulikuwa silaha. Robo fainali walikwenda Kaitaba wakaitoa Kagera Sugar 2-1. Hiyo si kazi ndogo, maana Kagera ile ndiyo iliyomaliza ligi ikiwa ya tatu, na ndiyo iliyoifunga Simba uwanjani hapohapo wiki mbili baadaye.

Aprili 30, CCM Kirumba, ikaja Yanga ya George Lwandamina. Bao pekee lilipatikana kipindi cha kwanza, beki wa Yanga Andrew Vincent, maarufu Dante, alipojifunga. Wapo waliosema siku ile, na wapo wanaosema hadi leo, kwamba Mbao walipewa zawadi. Siwakubalii. Wiki tatu baadaye, Mei 20, siku ya mwisho ya ligi, timu hizo zilikutana tena palepale na Mbao wakashinda tena 1-0. Yanga ilitwaa ubingwa wake ikiwa imefungwa, na Mbao wakabaki Ligi Kuu. Timu inayomfunga bingwa mara mbili ndani ya wiki tatu, katika mechi mbili zilizokuwa na uzito kwa pande zote, haijabahatisha. Simba yenyewe ilikuwa imeonja Kirumba: Aprili ilikuwa nyuma 2-0 mbele ya Mbao kabla ya kugeuza matokeo dakika za mwisho na kushinda 3-2, Frederic Blagnon akiwa miongoni mwa wafungaji. Mtu yeyote aliyeitazama mechi hiyo alijua fainali haitakuwa nyepesi.

Lakini mechi ninayoiona kuwa kiungo cha msimu wote ni nusu fainali nyingine, iliyochezwa siku moja kabla, Aprili 29, Uwanja wa Taifa: Simba na Azam. Haikuwa nzuri kuitazama. Mohamed Ibrahim alifunga bao moja, likatosha. Pima uzito wake. Azam, waliokuwa chini ya kocha Mromania Aristica Cioaba, walishapoteza mbio za ubingwa, na kombe lilikuwa njia yao pekee ya kurudi Afrika. Walimaliza ligi wakiwa wa nne, nyuma ya Kagera. Kufungwa siku ile kulimaanisha mwaka mzima bila mechi ya kimataifa, kwa klabu iliyojijenga kwa fedha nyingi na uwanja wake yenyewe pale Chamazi kwa lengo la kuwa mwakilishi wa kudumu wa nchi.

Wiki chache baada ya msimu kwisha, Aishi Manula, Shomari Kapombe, Erasto Nyoni na John Bocco walikuwa wamevaa jezi nyekundu ya Simba. Uti wa mgongo wa Azam ulihamia Msimbazi katika dirisha moja la usajili. Sababu zilikuwa zaidi ya moja: Azam waliamua kubana matumizi, mikataba ilikuwa inafika ukingoni, na Simba ilikuwa imepata mdhamini mpya. Hata hivyo mchezaji wa kiwango cha Manula anapochagua klabu huuliza pia atacheza wapi mwakani. Aprili 29 ilikuwa imeshajibu swali hilo.

Fainali ilipelekwa Dodoma, Uwanja wa Jamhuri, Mei 27. Ulikuwa uamuzi mzuri, na ulikuja wakati Serikali ilikuwa imeanza kuhamia huko kwa vitendo. Fainali ya kwanza ilikuwa imechezwa Dar es Salaam, ambako Simba na Yanga huwa nyumbani hata zikiandikwa wageni. Dodoma ilikuwa katikati ya njia ya Mwanza na Dar, na mashabiki wa timu ya mkoani walikwenda fainali ya kitaifa bila kulazimika kuvuka nchi nzima. Dakika 90 zilikwisha bila bao. Mbao walijilinda vile walivyojilinda Kirumba, na Simba, ikiwa na jina na wachezaji wa bei, ilianza kuonekana yenye wasiwasi. Unaweza kuielewa. Ikishindwa hapa, inakosa Afrika mwaka wa tano mfululizo, msimu ambao imemaliza ligi ikiwa na pointi sawa na bingwa.

Katika dakika za nyongeza Blagnon, mshambuliaji kutoka Kodivaa ambaye msimu mzima hakuwa chaguo la kwanza na alishambuliwa sana na mashabiki wake mwenyewe, alifunga. Mbao hawakuvunjika, Robert Ndaki akasawazisha. Watu wakaanza kujiandaa kwa matuta. Kisha, dakika 120 zikiwa zinafikia mwisho, Simba ikapata penalti na Kichuya akaiweka wavuni. 2-1. Wachezaji wa Mbao walilia uwanjani, na ubishi kuhusu penalti ile ukaendelea Mwanza kwa muda mrefu.

Furaha ya Simba haikudumu hata siku mbili. Wakati wa kurudi Dar es Salaam, gari alilopanda nahodha Jonas Mkude pamoja na mashabiki lilipata ajali mkoani Morogoro na shabiki mmoja akafariki dunia. Nalitaja hili kwa sababu wanaoandika historia ya mashindano huwa wanarukia kombe na kusahau barabara. Mpira wetu unasafiri kwa magari usiku na mchana, na watu wanaoufuata hulipa gharama ambayo haimo kwenye hesabu za zawadi.

Sasa tutazame kilichotoka ndani ya mlango ule. Simba ilirudi Afrika mwaka 2018, ikaitoa Gendarmerie Nationale ya Jibuti, kisha ikatolewa na Al Masry ya Misri bila kufungwa: 2-2 Dar es Salaam na 0-0 Port Said, kwa kanuni ya bao la ugenini. Mwaka huohuo ikachukua ubingwa wa ligi, wa kwanza tangu 2012. Msimu wa 2018/19 ikaingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa, ikazifunga Dar es Salaam Al Ahly, AS Vita na JS Saoura, ikafika robo fainali na kutolewa na TP Mazembe. Pointi ilizokusanya kwenye viwango vya CAF ziliiongezea Tanzania nafasi, kutoka mbili hadi nne, kwa msimu wa 2019/20. Nani aliyechukua nafasi ya nne? KMC, timu ya Manispaa ya Kinondoni, iliyomaliza ligi ikiwa ya nne chini ya Etienne Ndayiragije. Kocha aliyefungwa fainali ya Dodoma aliifikisha klabu nyingine kwenye nafasi ya Afrika iliyofunguliwa na waliomfunga. Baadaye alikwenda Azam, kisha akakabidhiwa Taifa Stars na kuipeleka CHAN.

Sidai kwamba yote haya yalitokana na penalti ya Kichuya. Tajiri Mohamed Dewji angeingia Simba hata kombe lile lingekwenda Mwanza, na fedha zake zilikuwa na kazi kubwa katika yaliyofuata. Ninachodai ni kidogo zaidi lakini nakisimamia: timu iliyoingia makundi mwaka 2018 ilikuwa imeonja Port Said miezi michache kabla. Wachezaji wale walishajua uwanja wa ugenini Afrika Kaskazini una sura gani, mwamuzi anapulizaje, muda unapotezwaje. Ujuzi huo haununuliwi dirisha la usajili. Unapatikana kwa kucheza, na Simba isingecheza 2018 bila Kombe la FA.

Na Mbao? Simba ilimchukua kipa Emmanuel Mseja na beki wa kushoto Jamal Mwambeleko. Pius Buswita alikwenda Yanga baada ya sakata la kusaini klabu zote mbili za Kariakoo, lililomfungia kwa muda. Ndayiragije alibaki msimu mmoja zaidi, kisha akaondoka. Mwaka 2020 Mbao walimaliza ligi kwenye eneo la mchujo, wakakutana na Ihefu. Walifungwa 2-0 Mbeya, wakashinda 4-2 Mwanza, wakashuka kwa bao la ugenini. Hawajarudi. Miaka mitatu tu kutoka Jamhuri hadi huko. Hapa ndipo moyo wangu unapokuwa mzito ninapoutazama msimu ule. Kombe liliifanya nchi iwaone vijana wa Mbao, na kuonekana huko ndiko kulikowafanya wachukuliwe. Klabu yenyewe haikubakiwa na chochote cha kujengea: si uwanja, si akademi, si mapato ya kuuza wachezaji yanayolingana na thamani yao, maana wengi walikuwa na mikataba mifupi ambayo ilikuwa imekwisha au inakaribia kwisha.

Tangu msimu ule timu za mikoani zimeendelea kufika fainali. Mtibwa Sugar iliifunga Singida United 3-2 Arusha mwaka 2018, fainali ambayo haikuwa na Simba, Yanga wala Azam. Lipuli ya Iringa ilifungwa 1-0 na Azam mjini Lindi mwaka 2019, Chirwa tena akiwa mfungaji. Namungo ilifungwa 2-1 na Simba pale Sumbawanga mwaka 2020. Fainali zimezunguka: Kigoma, Arusha, Tanga, na miaka ya 2024 na 2025 Zanzibar. Sera hiyo ya kuzunguka iliyoanzia Dodoma ni miongoni mwa mambo bora TFF imewahi kufanya, ingawa kuhamishwa kwa fainali ya 2024 kutoka Babati kwenda Uwanja wa New Amaan kuliwaumiza watu wa Manyara waliokuwa wamejiandaa.

Thamani ya kombe, hata hivyo, imepungua, na hili ndilo jambo ambalo watu hawalisemi. Nafasi zilipokuwa mbili, bingwa wa kombe alikuwa na nusu ya Afrika mkononi. Zilipofika nne, wa tatu na wa nne kwenye ligi wakaanza kwenda, na kombe likawa nyongeza. Linganisha fainali mbili. Namungo ya Ruangwa ilifungwa mwaka 2020, lakini kwa kuwa Simba ilikuwa bingwa wa ligi, ilikwenda Kombe la Shirikisho Afrika na kufika hatua ya makundi. Miaka miwili baadaye Coastal Union ilicheza na Yanga pale Sheikh Amri Abeid fainali nzuri kuliko zote tangu kombe lifufuliwe. Abdul Suleiman, Sopu, alifunga mabao matatu peke yake, mechi ikaisha 3-3, Yanga ikashinda kwa penalti 4-1. Yanga ilikuwa bingwa wa ligi pia. Coastal haikwenda popote. Tiketi zilizobaki zilichukuliwa na waliomaliza wa tatu na wa nne kwenye ligi, Azam na Geita Gold, ndiyo Geita Gold iliyoshushwa mwaka 2016 na kuwaachia Mbao nafasi. Sopu akaenda Azam.

Kuanzia hapo Yanga imechukua kombe mara nne mfululizo, 2022 hadi 2025, na mara zote nne ilikuwa bingwa wa ligi pia. Kwa maneno mengine, kwa miaka minne bingwa wa kombe hakuhitaji tiketi ya kombe. Mashindano yaliyofufuliwa ili kufungua mlango wa pili yamekuwa yakimkabidhi ufunguo mtu aliyekwisha kuingia ndani kwa mlango wa kwanza.

Yapo mambo matatu ambayo ningependa kuona yakirekebishwa, na yote yanatoka moja kwa moja kwenye msimu wa 2016/17. Mechi za hatua moja zichezwe ndani ya wiki moja, na klabu yenye ratiba ya CAF ipangiwe katikati ya wiki kama wanavyopangiwa wengine duniani. Klabu ndogo zinazofika nusu fainali zisaidiwe kuingia mikataba mirefu na wachezaji wao kabla mechi haijaonyeshwa, ili anayetaka kuwachukua alipe. Nalo la tatu ndilo muhimu kwangu: bingwa wa kombe akiwa tayari ana tiketi ya ligi, nafasi ya kombe iende kwa aliyefungwa fainali, kabla haijafika kwa wa nne wa ligi.

Wapo watakaosema kwamba wa nne wa ligi amecheza mechi 30 na anastahili zaidi ya timu iliyoshinda tano au sita. Ni hoja yenye nguvu, na kwa klabu kama Geita Gold ya 2022 naiheshimu. Lakini ligi tayari ina tiketi zake, na wa nne ana mwakani pa kujaribu tena akiwa na kikosi kilekile. Timu ya mkoani inayofika fainali kwa kawaida ina msimu huo mmoja kabla haijavunjwa. Namungo ilipewa nafasi na ikazitoa Al Rabita ya Sudan Kusini na Primeiro de Agosto ya Angola hadi makundi, ikitoka Ruangwa, wilaya ambayo kabla ya hapo haikuwa kwenye ramani ya mpira wa Afrika.